Mtoto Aliyesimama Mlangoni: Hasira ya Mzazi katika Vitabu Tunavyofundisha

Yapo maneno ya Kiswahili ambayo watoto wengi wa Arua na Koboko huyajua kabla hawajaingia darasani. Kimya! Toka hapa! Kaa chini! Mpumbavu wewe! Nitakuonyesha! Mwalimu wa kidato cha kwanza akiwauliza wameyapata wapi maneno hayo, hawatasema kwamba wameyapata redioni, wala sokoni kwa wachuuzi wa Ariwara. Watainamisha vichwa na kucheka kidogo. Maneno hayo wameyapata nyumbani, siku ambayo baba au mama alipandwa na hasira.

Katika nyumba nyingi za huku kwetu, mazungumzo ya kawaida huwa ya Kilugbara, au Kikakwa, au Kinubi. Mzazi huomba maji kwa lugha hiyo, husimulia habari za shamba kwa lugha hiyo, na hubembeleza mtoto mgonjwa kwa lugha hiyo hiyo. Lakini hamaki inapompanda, ulimi wake hugeuka, na mara Kiswahili hutoka. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kila nyumba. Nasema ni jambo ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili katika West Nile amelikuta, na asili yake haina siri. Wanaume wengi wa nchi hii waliingia jeshini tangu siku za King's African Rifles, na Kiswahili walichorudi nacho nyumbani kilikuwa Kiswahili cha kambini: cha amri, cha gwaride na cha matusi. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Mwaka 1979 utawala wake ulianguka, na watu wetu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudani. Lugha ikabaki na sifa ya mtu mwenye bunduki.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa historia hiyo. Nilizaliwa ukimbizini, upande wa Zaire, mwaka 1981. Marehemu baba yangu alikuwa askari hadi mwaka 1979. Kwa Kilugbara alikuwa mtu mpole, mwenye hadithi nyingi na mzaha. Kwa Kiswahili alikuwa mtu mwingine. Usiku mmoja, tulipokuwa tumekwisha kurudi nyumbani, mama alichelewa kutoka sokoni. Baba aliichukua sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni akaitupa uani, kisha akasema kwa Kiswahili yale ambayo sitayaandika hapa. Usiku ule hakupigwa mtu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nami sikuambiwa neno hata moja. Hata hivyo, nikiulizwa leo ni lini nilianza kujifunza Kiswahili, jibu la kweli ni usiku ule. Neno "mpumbavu" nililijua kabla sijalijua neno "mpendwa".

Msomaji ataniuliza: habari hizi zina uhusiano gani na uhakiki wa fasihi? Zina uhusiano mkubwa. Fasihi ya Kiswahili, pamoja na tafsiri tunazozisoma kwa Kiswahili, ina wazazi wengi wenye hasira, nasi tumezoea kuwafundisha kwa namna moja tu. Tunamwuliza mwanafunzi: "Eleza athari za malezi mabaya." Naye anatuorodhesha: mimba, ulevi, umalaya, kifo. Tunampa alama zake, tunafunga kitabu. Katika makala haya nataka kudai kwamba swali hilo halitoshi. Swali la kwanza lingekuwa hili: mzazi alipohamaki, nani alikuwa amesimama mlangoni? Maana hasira ya mzazi haimwangukii yule tu anayepigwa. Humwangukia pia yule anayetazama, na kwake huwa somo, tena somo la lugha.

Tuanze na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971. Riwaya hii iliwahi kukatazwa shuleni katika Tanzania, kisha ikaja kuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sana. Zakaria, mzee wa Ukerewe, ni mlevi. Mkewe Regina ni mvumilivu. Nyumba yao imejaa mabinti. Rosa, mkubwa wao, anaandikiwa barua na kijana, na kwa ajili ya barua hiyo baba yake anampiga kipigo kikubwa. Baadaye Rosa anakwenda kusoma mbali na nyumbani, anapata uhuru asiojua kuutumia, na mwisho wake ni mauti.

Wahakiki wengi wamesema, na kila mwanafunzi wa sekondari hurudia, kwamba Zakaria alimbana binti yake mno na ndiyo sababu binti akaharibika. Maoni hayo si ya uongo. Lakini yana hatari moja: yanaifanya hasira ya Zakaria ionekane kama dawa iliyozidishwa kipimo, kana kwamba angalipiga kidogo, mambo yangalikuwa mema. Nionavyo mimi, Kezilahabi anasema zaidi ya hayo. Anatuonyesha kwamba ukali wa Zakaria haukuwa malezi hata kidogo. Ni hasira ya mtu aliyeshindwa na pombe na na nafsi yake, akaitafuta heshima mahali pekee ambapo hapana wa kumzuia, yaani nyumbani mwake. Barua ile ilikuwa kisingizio. Kama isingalikuwapo barua, kingalipatikana kitu kingine, hata sufuria ya maharage.

Hiyo ndiyo nguvu ya riwaya hii. Udhaifu wake, kwa swali letu, ni kwamba jicho la msimulizi linamfuata Rosa mno. Wadogo zake wamo katika nyumba ile ile. Fimbo iliyomwangukia dada yao waliisikia, na machozi ya mama yao waliyaona. Tungependa kujua zaidi walichojifunza. Mwandishi anawarudia kwa nafasi zao, lakini hawi nao kwa muda mrefu wakati ule wa kipigo, wakati ambapo mtoto asiyepigwa anajiambia, "Leo si mimi." Sentensi hiyo fupi ina mambo mengi ya malezi ambayo riwaya ingeweza kuyafukua.

Kitabu cha pili ni Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilichotolewa mwaka 1980. Bwana Maksuudi si mlevi maskini wa kijijini. Ni tajiri, mtu wa mjini, mwenye tamaa ya uongozi. Mkewe Tamima na binti yake Maimuna amewafungia ndani, hata dunia ya nje hawaijui. Tamima anaposhikwa na uchungu wa kujifungua na mkunga Farashuu akaingizwa nyumbani, Maksuudi anashikwa na ghadhabu, na ghadhabu hiyo inaishia kwa kipigo na talaka. Nyumba inavunjika, na Maimuna anatoroka kwenda kuangukia dunia asiyofundishwa kuikabili.

Hapa Said Ahmed Mohamed amefanya jambo ambalo Kezilahabi hakulifanya kwa uwazi huo. Ametuonyesha kwamba hasira ya mzazi ina macho. Huyu Maksuudi anayenguruma mbele ya mkewe ndiye anayejua kulainisha maneno mbele ya wapiga kura, na ndiye anayebembeleza mbele ya Kazija. Kama hasira ingalikuwa kipofu, kama tunavyopenda kujitetea, ingalimpanda popote. Lakini haimpandi mbele ya mtu anayeweza kumnyima kitu. Humpanda mbele ya wale ambao hawana pa kwenda. Mwalimu akilisoma somo hilo darasani, na wanafunzi wakanyamaza kidogo, ajue kwamba kila mmoja amekumbuka nyumba yake. Ni nani kati yetu aliyewahi kumfokea mkuu wa shule kama alivyomfokea mwanawe jioni ile ile?

Ila hata Utengano inafuata njia ile ile ya Rosa Mistika katika matokeo. Baba anahamaki, binti anapotea. Njia hii imekuwa kama barabara ya lami katika fasihi yetu. Kila mwandishi hupita humo. Ina ubaya wa namna mbili. Kwanza, inamwadhibu msichana kwa kosa la baba, na mwanafunzi mwepesi wa kuhukumu humaliza kitabu akimlaumu Maimuna. Pili, haisemi lililo la kawaida. Watoto wengi wa wazazi wenye hasira hawaangamii. Wanakua, wanasoma, wanapata kazi, wanaoa na kuolewa. Kisha jioni moja wanafungua kinywa, na sauti inayotoka ni ya baba yao. Riwaya ya mtoto huyo ndiyo ninayoitafuta.

Kitabu kinachokaribia hapo, katika vile ninavyovifundisha, si cha Mswahili. Ni Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Chinua Achebe, iliyotolewa mwaka 1973. Okonkwo anampiga mkewe mdogo katika Juma la Amani, wakati ambapo mila imekataza hata neno kali. Wakati wa sikukuu ya viazi vikuu anampiga Ekwefi kwa sababu ya majani machache ya mgomba. Achebe hakutuacha na mpigaji na mpigwaji tu. Anatuambia kwamba mama aliachwa akilia pamoja na binti yake wa pekee. Ni maneno machache mno, na mwanafunzi anayesoma kwa haraka hayaoni. Lakini katika maneno hayo Ezinma amekwisha kuingia chumbani. Hakuguswa, naye analia.

Kisha yupo Nwoye. Huyu ndiye mtoto wa mlangoni hasa. Anaishi chini ya kelele na kipigo cha baba asiyeridhika naye. Anajifunza kujifanya anapenda hadithi za vita ili baba afurahi, huku moyoni akizipenda hadithi za mama. Haasi kwa kishindo. Baba anapopata habari kwamba ameonekana kwa wamisionari, anamkaba shingo na kumpiga hadi mzee Uchendu anapomkemea amwachilie. Nwoye anatoka bila kujibu neno, wala harudi tena. Wanafunzi wangu huniuliza, "Mwalimu, mbona hakusema kitu?" Nami huwajibu kwamba amekwisha kusikia maneno ya kutosha.

Nimesema Achebe anakaribia, sikusema anafika. Tena amelifanya jambo gumu zaidi kuliko nadharia yangu. Unoka, baba wa Okonkwo, hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa mpole, mpiga zumari, mvivu wa kulipa madeni. Okonkwo akawa mkali kwa kuogopa kufanana naye. Basi hasira si mali ya urithi tu, kwamba mkali huzaa mkali. Wakati mwingine mkali huzaliwa na aibu. Nalikumbusha hili kwa sababu sisi walimu hupenda kanuni nyepesi, na kitabu kizuri huzivunja.

Najua yatakayosemwa na wazee, na nafsi yangu pia imeyasema. Watasema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Watasema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hizo ni zetu, wala sizikatai. Lakini tutofautishe ukali na hamaki. Ukali una kipimo, na humtazama mtoto: amekosa nini, aelekezwe vipi. Hamaki haina kipimo, na hujitazama yenyewe: nimechoka, nimedharauliwa, sina fedha. Methali zetu zinazungumza habari za ukali. Zakaria, Maksuudi na Okonkwo wanazitumia kufunika hamaki. Wazee hao hao walisema pia, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na walipoisema sidhani walikusudia watoto peke yao.

Wala tusiwadharau wenye hasira. Mzazi wa Koboko aliyekimbia vita mara mbili, mama wa Rhino Camp aliyevuka mpaka kutoka Sudani Kusini na watoto wanne, baba anayesubiri bei ya tumbaku: hao wana sababu za kuchoka ambazo mhakiki aliyekaa kitini hana haki ya kuzicheka. Fasihi njema haiwacheki. Kezilahabi hamfanyi Zakaria kuwa shetani, na Achebe anamlilia Okonkwo. Fasihi hutuomba tu tusiusahau mlango na aliyesimama hapo.

Kuna utungo mmoja wa kale ambao huusoma nikitaka wanafunzi wausikie upande wa pili. Ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Yamo mengi katika wasia ule ambayo wasomaji wa leo, hasa wanawake, wanayapinga, hususan juu ya utii wa mke kwa mumewe, nao wana haki. Lakini tazama namna mzazi anavyoanza. Yu mgonjwa, ana maumivu, angekuwa na kila sababu ya kuwa mkali. Badala yake anamwita binti yake aketi karibu, na wino na karatasi, ili ayaandike maneno yake. Hapo ndipo hunijia swali ambalo sipendi kujiuliza: ni mzazi gani kati yetu angependa mwanawe ayaandike maneno aliyoyatamka jana jioni?

Mimi singependa. Miaka michache iliyopita nilirudi nyumbani Arua na rundo la madaftari ya kusahihisha, nikamkuta binti yangu amemwaga chai juu ya meza. Nilimfokea. Nilimfokea kwa Kiswahili, ingawa nyumbani kwetu tunasema Kilugbara, na maneno yaliyonitoka niliyatambua mara moja. Yalikuwa ya usiku wa maharage. Kesho yake nilimsikia uani, akimwambia mdogo wake yale yale kwa lafudhi nzuri kabisa, bila kosa la ngeli. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, nami sijawahi kumpata mwanafunzi aliyenielewa upesi hivyo.

Sikumpiga, wala hakukemewa. Jioni nilimwita, nikamwomba radhi, kwa Kiswahili. Aliniuliza kwa Kilugbara kama bado nina hasira. Hakujua kwamba lugha ile huweza kutumiwa na mtu asiye na hasira. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasimulia wanangu hadithi za sungura na fisi kwa Kiswahili, usiku, kwa sauti ya chini. Si kazi ya haraka.

Walimu wenzangu, jambo hili linatuhusu kwa njia mbili. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Huku kwetu tunalalamika kwamba hatuna vitabu wala walimu wa kutosha. Ni kweli. Lakini tujue pia kwamba mtoto anaingia darasani akiwa amekwisha kuisikia lugha hii mahali fulani, na pengine aliisikia akitetemeka. Tukimfokea kwa lugha ile ile, tunamthibitishia alichokishuku. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imeikataza fimbo shuleni. Haikuukataza ulimi, huo tumeachiwa sisi wenyewe.

Njia ya pili ni namna ya kuvisoma vitabu. Nimeacha kuuliza athari za malezi mabaya. Siku hizi, tukifika kwenye kipigo cha Rosa, huwaambia wanafunzi wafunge kitabu, kisha waisimulie habari ile kwa kinywa cha mmoja wa wadogo zake: alikuwa amesimama wapi, alisikia nini, alifanya nini baadaye. Insha zinazoletwa si nzuri zote kwa sarufi, lakini ni mara chache hukuta iliyonakiliwa kwa jirani.

Moja sijaisahau. Iliandikwa na mvulana wa upande wa Koboko, mtu wa maneno machache. Mdogo wa Rosa, katika insha yake, haendi popote na wala haharibikiwi. Anasubiri kelele ziishe, anaokota vitu vilivyotupwa, anavipanga mahali pake. Asubuhi baba anaamka na kuuliza uji, na mtoto anamletea. Insha inakoma hapo. Nilipotaka kuandika pembeni kwamba mwisho haukukamilika, nilisita. Nilirudisha daftari bila alama nyekundu, nikamwomba anisomee kwa sauti.